Mama mkwe akienda Kasulu, nibomoe ukuta wa bafu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ujiji. Nauza dagaa: nanunua Kibirizi na kuwatuma kwa wateja wa Tabora na Dar. Nakuomba usinitaje jina, maana mji wenyewe ndio huu, ukipiga chafya Rusimbi unaitikiwa Buzebazeba.

Tatizo langu utalicheka. Ni bafu.

Tunaishi kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba mkwe: mimi, mume wangu, watoto na mama mkwe. Hati bado ina jina la marehemu, mirathi haijawahi kufunguliwa. Bafu ni moja, la ndani, choo humohumo. Upana wake ni mita 1.2 na urefu mita 1.8, ukifungua mlango unagonga ndoo. Dirisha ni lile la juu, la kupita paka. Kuta tatu ni plasta iliyopakwa rangi, imebabuka na pembeni imeota ukungu mweusi. Ukuta wa nne, ule mrefu wa kushoto, marehemu aliupamba kwa mkono wake. Alikuwa fundi wa mashine za boti, na kila alikotua ufukweni aliokota magamba ya konokono wa ziwani. Akayapachika kwenye simenti mbichi pamoja na vipande vya sahani, kutoka chini mpaka usawa wa kifua. Inasemekana sahani zenyewe ni za harusi ya mama mkwe.

Wanaousikia kwa kusimuliwa wanasema ni jambo zuri. Waje wausugue wao. Povu la sabuni linaingia kwenye kila tundu. Nimesugua kwa mswaki, nimemwagia ile dawa ya choo inayotoa moshi, siku nyingine naongezea na dawa ya madoa juu yake. Wiki haiishi uchafu umerudi, na magamba yamekuwa na ukurutu kuliko zamani. Isipokuwa yale ya usawa wa kiuno, hayo yamelainika na yanang'aa, sijui kwa nini.

Kikoba chetu hukutana majumbani kwa zamu. Zamu yangu ilipofika, mwenzangu mmoja alitoka bafuni akauliza kama na sisi tunakata tiketi, au ile ya makumbusho ya Livingstone inatosha. Walicheka wote. Mimi pia nilicheka, lakini usiku usingizi haukuja.

Tulipogawana nikanunua malumalu. Nyeusi za kung'aa, zina mishipa ya dhahabu, sentimita 30 kwa 60, maboksi tisa, zinatosha kuta zote nne mpaka juu ya mlango. Ziko kwa dada yangu Gungu, nyumbani anayejua ni mume wangu peke yake. Nilipomgusia mama mkwe kwamba bafu linahitaji ukarabati alijibu, "Nikifa, mtafanya." Akainuka akaenda kuchambua mchele. Mume wangu naye nilipomwambia alisema hayo ni ya kwetu wanawake, yeye hayumo.

Sasa wifi yangu wa Kasulu anakaribia kujifungua, na mama mkwe atakwenda kumlea mpaka arobaini itoke. Fundi anasema kazi yote ni wiki moja. Anasema bibi akirudi akakuta bafu linawaka atafurahi mwenyewe, wazee ndivyo walivyo. Dada yangu anasema nisithubutu. Shoga yangu anasema nibandike zile karatasi za plastiki za maua juu ya kila kitu, yaishe.

Mimi nimeishi nyumba hii miaka kumi na moja. Napika, nafagia, bili ya maji nalipa mimi. Hakuna hata msumari niliowahi kuamua upigiliwe wapi. Hilo linaniuma kuliko ukungu.

Nibomoe asipokuwepo? Au nisubiri mpaka lini?

Mkwe, Ujiji

*

Marahaba, mwanangu.

Ile ya tiketi imenichekesha, unisamehe. Ya msumari haikunichekesha. Umeiweka mwishoni kama nyongeza, na mimi naona ndiyo barua yenyewe. Nyumba unaihudumia kutwa, na hakuna kona iliyokaa ulivyotaka wewe. Pesa umeitoa kwenye dagaa, fundi yuko tayari, na aliyekuzuia hagombi wala hapigi kelele: kasema maneno mawili, kaenda kwenye ungo wake. Mtu wa namna hiyo ni mzito kushindana naye kwa sababu hakupi pa kumjibia.

Nianze na ukuta hata hivyo, maana una mambo ambayo fundi wako hakukwambia.

Magamba ya konokono ni chokaa. Dawa ya choo inayotoa moshi ni asidi, na asidi hula chokaa. Kila ulipoimwaga ilikwangua uso wa gamba, na gamba likishakwaruzika ndipo povu na taka hupata pa kushika. Limau na siki nazo hufanya hivyohivyo, polepole. Kwa hiyo ule ukurutu uliozidi huenda hautoki kwa marehemu, unatoka kwenye chupa. Na hili nalisema bila kulizungusha: usiichanganye tena dawa hiyo na dawa ya madoa yenye klorini. Zikikutana zinatoa gesi inayochoma macho na mapafu, nawe umejifungia kwenye chumba cha hatua mbili chenye dirisha la paka. Kwa ukuta kama huo ni sabuni ya kawaida, maji na brashi laini. Ukishakauka vizuri, zile tundu zilizo kati ya gamba na gamba zinajazwa grauti nyeupe, ile simenti laini ya kujazia maungio, mpaka povu likose pa kujificha. Sikuahidi kwamba utaupenda. Ila mpaka leo hujauona ukiwa umetunzwa kwa namna unayoitaka, umeuona ukiliwa.

Halafu kuna sentensi umeipita mbio, ya magamba ya kiunoni. Gamba halilainiki lenyewe, linalainishwa na mikono. Inawezekana ni watoto, kwa sababu kiuno chako wewe ni bega la mtoto, na mtoto hawezi kupita kwenye ukuta wa namna ile bila kuupapasa. Inawezekana pia ni mama mkwe wako anashikilia hapo akiinuka chooni au akivuka sakafu yenye maji. Hukuniandikia umri wake, wala macho yake yakoje, wala magoti. Mlango ukiwa umefungwa, chutama utazame: yanayong'aa yanaanzia wapi na kuishia wapi? Yakiwa mkanda mmoja kutoka mlangoni mpaka penye choo, ujue ni njia ya mtu mzima. Yakiwa yametawanyika, ni mchezo wa watoto.

Ukikuta ni yeye, mazungumzo yanabadilika. Malumalu za kung'aa zikilowa sabuni hazina pa kushika. Utahitaji chuma cha kushikilia, na kinabanwa ndani ya tofali lenyewe, hakitegemei malumalu na gundi yake, hivyo fundi aambiwe kabla hajabandika ya kwanza. Na za ukutani zisishuke sakafuni hata kama zimebaki. Sakafu ya bafu inataka zenye mkwaruzo.

Rangi sasa. Pesa ni yako na macho ni yako, lakini maji yetu haya ya Tanganyika yana madini, tone likikauka linaacha doa jeupe, na juu ya nyeusi inayong'aa kila doa litakuita kwa jina. Umechoka kusugua magamba, usije ukajikuta unafuta kioo cha kuta nne kila baada ya mtu kuoga. Bafu la mita 1.2 lenye dirisha dogo likivikwa nyeusi linazidi kubana, ilhali rangi ya maziwa au kijani hafifu hurudisha mwanga ule mdogo unaoingia. Kipimo umechagua vizuri, 30 kwa 60 ina maungio machache, na kwenye maungio ndipo ukungu unapoanzia. Mimi nyeusi naipenda kwenye kanga, bafuni siiwezi, ila hilo ni langu.

Karatasi za shoga yako tusizipotezee muda. Kwenye magamba hazitashika, kwenye plasta yenye unyevu zitashika kwa muda na ukungu utaota kwa nyuma usiouona.

Umeona lakini? Tumeongea muda wote juu ya ukuta mmoja, na bafu lina kuta nne. Zile tatu zilizobabuka hazina mlinzi. Wewe mwenyewe umeandika kwamba ulimgusia mama mkwe habari ya "kukarabati bafu". Hukumwambia ukuta upi, hukumwonyesha malumalu. Yeye amesikia nini? Kwa mjane, neno bafu huenda ndilo hilo jina la ukuta wa mumewe. Sijui, na wewe pia bado hujui, kwa sababu jibu alilokupa ni la swali pana mno.

Kuta hizo tatu zina kazi ya kutosha kabla ya urembo. Ukungu ni unyevu, na ukiufunika bila kuutoa utarudi. Fundi aangalie kwanza kama bomba linavuja ndani ya ukuta. Agonge plasta kwa kifundo cha kidole, panapolia utupu pabomolewe na kupigwa upya kwa mchanga na simenti. Asije akakusawazishia kwa jipsamu, bafuni jipsamu hunywa maji ikavimba. Dirisha lipanuliwe, au pembeni mwake yawekwe matofali ya matundu mvuke upate pa kutokea. Na plasta ipewe muda ikauke. Mvua zetu hushika kuanzia Oktoba hadi Mei, kwa hiyo kama arobaini ya wifi yako itaangukia masika, ile "wiki moja" ya fundi uipokee kwa tahadhari.

Nimekupigia hesabu kwa vipimo vyako. Kuta nne mpaka mita 2.1, ukitoa mlango na kuongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya zinazovunjika, ni maboksi tisa ya vipande vinane vinane, ulinunua sawasawa. Ukiuacha ule mrefu, sita yanatosha. Matatu yaliyobaki yanavaa ukuta wa nyuma ya jiko bila shida.

Sisemi ndivyo ufanye. Kuubakiza ukuta kuna kero yake: kila asubuhi utakutana nao, na kama kinachokuchoma ni kwamba nyumba haina alama yako, huenda kuta tatu zikakuzidishia hamu ya wa nne. Halafu magamba na nyeusi yenye dhahabu vitagombana, itabidi rangi nyingine.

Kuna wanaoyatoa magamba na kuyapanga upya mahali pengine, kwenye baraza au kuzunguka kioo. Ni wazo zuri likiwa mdomoni. Yamekaa kwenye simenti miaka mingi, patasi ikipita mengi yatapasuka, na sahani ndiyo kabisa. Kazi hiyo ingefaa afanye fundi mwenye subira, mama mkwe akiwa kwenye kiti hapo nje anachagua lipi litoke kwanza. Akiwa Kasulu haiwezekani. Na mapengo msikimbilie kuyajaza kwa magamba mapya kutoka ziwani, kuna samaki wadogo wa Tanganyika wanaoishi na kutaga ndani ya magamba matupu, ndizo nyumba zao.

Tuje kwenye kubomoa asipokuwepo. Fundi anakuhakikishia atafurahi. Fundi siku hiyo atakuwa ameshalipwa na yuko kwa mtu mwingine. Atakayesimama mlangoni wakati bibi anaweka mzigo chini na kuomba maji ya kunawa ni wewe. Pengine kweli atafurahi, binadamu hatabiriki. Ila asipofurahi huna cha kumrudishia. Malumalu unaweza kuziweka mwaka huu au mwaka kesho, magamba yakishatoka yametoka. Na dada yako anaposema usithubutu muulize anaogopa nini hasa. Kama ni ugomvi, ugomvi hupoa. Kama ni bibi kunyamaza zaidi, hapo ana hoja.

Kusubiri nako si bure. "Nikifa, mtafanya" ni neno zito kumwambia mkwe. Linakuweka mahali ambapo kutamani bafu safi ni sawa na kutamani msiba, na hukustahili kuwekwa hapo. Ukiendelea kulibeba kimya litageuka chuki, na watoto huziona chuki za jikoni mapema kuliko tunavyodhani. Hata hivyo najiuliza kama alikuwa anakukatalia au alikuwa anakwambia jambo jingine: kwamba akiwa hai ana kitu kimoja tu humo ndani ambacho bado ni chake. Jiko ni lako, pesa ya maji ni yako, mtoto wake ni wako. Nyie wawili mnaweza kuwa mnalilia kona ileile.

Mume wako anasema hayumo. Yumo, ukuta ni wa baba yake na mwenye ukuta ni mama yake. Lakini usimwendee kwa kumtaka ruhusa, atakimbia tena. Muulize alikuwa wapi ukuta ulipokuwa unajengwa. Kama alikuwa mtoto anayemkabidhi baba yake magamba moja moja, kusema "simo" kwake kuna maana tofauti na uvivu. Kama hakuwepo na hajali, naye aseme hivyo mbele ya mama yake, asikuachie wewe uonekane mvunjaji.

Kuna jambo la nyumba yenyewe, na sisemi kwa kukutakia mabaya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, huiruhusu mahakama, wanandoa wakiachana, kutazama mchango wa kila mmoja kwenye mali yao, pamoja na mali ya mmoja iliyoendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake ndani ya ndoa. Tatizo ni kwamba nyumba hiyo bado si ya mume wako. Ni ya mirathi ambayo haijafunguliwa. Kama familia yenu inafuata mirathi ya Kiislamu, mjane mwenye watoto ana sehemu moja ya nane, na zilizobaki ni za watoto, akiwemo huyo wifi anayesubiri kujifungua. Kwa hiyo ukuta unaotaka kuubomoa ni wake pia, na mama yake atakuwa amelala kwake siku patasi inapoingia. Risiti za malumalu zitunze. Na siku moja yenye utulivu mume wako na ndugu zake wafike mahakama ya mwanzo wafungue mirathi, ujue pesa yako inaingia kwenye nyumba ya nani.

Sasa huyo mwenzako wa tiketi. Ujiji ina makumbusho kwa sababu Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871, sawa. Lakini kupachika vyombo ukutani watu wa pwani wamefanya karne nyingi: kwenye makaburi ya Kunduchi, kwenye msikiti mdogo wenye kuba kule Kilwa Kisiwani, bakuli za kauri zilizotoka ng'ambo zilijengewa humo ili zipambe. Na Ujiji ndiko njia ya misafara kutoka pwani ilikokuwa inaishia. Sikwambii hivi ili uupende ukuta kwa nguvu, mwenye brashi ni wewe, si mimi. Nataka tu ujiulize ungeuona vipi kama kicheko kile kisingetoka. Ulikuwa unakukera hivihivi kabla ya zamu ya kikoba, au ulianza kukukera siku ile?

Ningependa uongee na mama mkwe kabla hajapanda gari la Kasulu, na ningependa usianze na neno bomoa. Kaa naye kwenye ungo, chambueni pamoja, umuulize habari ya zile sahani: zilivunjikaje, nani alizivunja. Unasema "inasemekana", ina maana kwa miaka kumi na moja hujazisikia kwake. Halafu mletee Gungu nyumbani, yaani chukua malumalu moja umwekee mkononi. Mwambie umenunua, kwa pesa yako, na unataka bafu. Atazisikia tu siku moja, umesema mwenyewe mji wenyewe ulivyo, na ni heri azisikie kwako. Mwambie na la msumari, kwa maneno yako uliyoniandikia mimi. Kuna hatari atasema hapana, safari hii waziwazi. Utaumia. Lakini utakuwa na jibu la swali lililoulizwa, na yeye atakwenda Kasulu akijua mkwe wake anataka nini. Kuna hatari pia atasema fanya, kwa kukata tamaa tu, nawe itabidi uangalie kama ni ridhaa au ni uchovu.

Ukishaongea naye, niandikie alivyosema, kabla hujampa fundi pesa ya kwanza. Kwa sasa, ukiacha boksi utakalotoa hiyo moja ya kumwonyesha, maboksi mengine yakae hukohuko Gungu bila kufunguliwa. Uliza pale dukani kama wanapokea kubadilisha yaliyofungwa, na uangalie namba ya toleo iliyopigwa kwenye kila boksi: kama hazilingani, rangi zitapishana ukutani hata ukikuta umechagua kubaki na nyeusi.